Kabla hujapanda meli ya jodari, ulizia usingizi

Mi nimefanya kazi kwenye meli ya jodari, ile ya mshipi mrefu, kamba ndefu yenye ndoana nyingi, na mtu akiniuliza aanzie wapi, awe anaenda kuajiriwa au ana meli yake anataka ivue kwa ustaarabu, namwambia aanze na usingizi. Wengi wanashangaa, walitegemea nitaanza na ndoana.

Sikia. Mshipi mmoja unaweza kufika kilomita 100 na ndoana kama 3,000, kuutega ni masaa matano sita, kuuvuta ni kumi na zaidi, na nguo hazijakukauka mnaanza kutega tena. Alfajiri moja alikuja kasa, ndoana imemkaa pembeni ya mdomo. Ilitakiwa tumpandishe kwa wavu tumtoe ndoana, dakika chache tu. Mwenzangu hajalala tangu jana yake, vidole vimevimba kwa chumvi, akakata kamba ili winchi, mashine ya kuvutia mshipi, isisimame, kasa akazama na ndoana yake na nailoni karibu mita mbili inamfuata nyuma. Simlaumu mpaka leo. Kifaa cha kutolea ndoana kilikuwepo, kinaning'inia pale pale, na hicho ndo kinaniuma.

Kwahiyo wakala akikupa mkataba angalia masaa ya kupumzika. Mkataba wa ILO, shirika la kazi duniani, namba 188 wa 2007, ulioanza kutumika 2017, unataka meli inayokaa baharini zaidi ya siku tatu impe mvuvi mapumziko yasiyopungua masaa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Uliza meli inapeperusha bendera ya nchi gani na nchi hiyo imeridhia au la, maana nyingi bado. Huo huo mkataba unakataza mvuvi kulipishwa ada ya kutafutiwa kazi, sasa ukiambiwa utakatwa mshahara miezi ya mwanzo kufidia gharama za wakala, achana nao, hilo ni deni litakalokufunga huko huko majini. Pasipoti kaa nayo mwenyewe, kopi ya mkataba waachie nyumbani. Na uliza mtatia nanga bandarini baada ya miezi mingapi, kwasababu meli inayohamishia samaki kwenye meli nyingine katikati ya bahari inaweza kukaa nje mwaka mzima na hakuna wa kumlilia.

Wenye meli, haya mengine ya kuwanusuru kasa, papa na ndege mnayajua: ndoana za duara, chambo cha samaki badala ya ngisi, nailoni ya kufungia ndoana badala ya waya ili papa akate aende zake, kutega usiku na kuweka vizito ili ndege wasifuate chambo. Vyote hivyo vinashikwa na mkono wa mtu, ongezeni watu wa zamu kwanza. Kamera pia fungeni, waangalizi wanaopanda melini kukagua uvuvi hawatoshi, kiwango cha chini Bahari ya Hindi ni asilimia 5 tu ya uvuvi wote. Halafu wekeni Wi-Fi ambayo mabaharia wanaruhusiwa kuitumia, sio ya nahodha peke yake. Mi nilikaa miezi saba bila kusikia sauti ya mama.