Kutafsiri methali za Kiayalandi bila kuziharibu

Kuna baraka ya Ayalandi inayopambwa kwa Kiingereza kwenye kadi na vikombe vya zawadi: barabara na iinuke ikupokee. Msafiri yeyote atajiuliza, barabara ikiinuka si imekuwa mlima? Asili yake kwa Kiayalandi ni Go n-éirí an bóthar leat. Kitenzi éirigh kikiwa peke yake ni kuinuka, lakini kikiandamana na le (leat ni "nawe") maana yake ni kufanikiwa. Anayeitamka anakuombea safari ifanikiwe. Kwetu ni "safari njema", basi.

Kwa hiyo usitafsiri methali ya Kiayalandi kutoka Kiingereza. Tafuta kwanza maneno yake ya Kiayalandi. Hazina kubwa iko kwenye tovuti ya dúchas.ie, bila malipo: humo mna maandishi ya wanafunzi wa shule za msingi waliotumwa kati ya 1937 na 1939 kuwauliza wazee na majirani hadithi, tiba na misemo. Kwa maana na matamshi fungua tovuti ya kamusi ya teanglann.ie, yenye sauti za lahaja tatu kuu. Msikilize msemaji kabla hujaandika jinsi neno linavyotamkwa, maana tahajia hudanganya. Seanfhocal, yaani methali (kwa asili "neno la kale"), hutamkwa karibu na "shanokal". Ile fh haisikiki kabisa. Na msemo usiouona kwa Kiayalandi popote, usiuite methali ya Kiayalandi. Huenda ni Kiingereza cha Ayalandi, au ni maneno ya wauza kadi tu.

Ukishaipata, ichambue neno kwa neno, kisha ujiulize ilisemwa katika hali gani ya hewa. Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua Ar scáth a chéile a mhaireann na daoine. Scáth ni kivuli, na ni kinga vilevile. "Watu huishi kivulini mwa wenzao" inasomeka vizuri, ila msomaji wa Dodoma au Lamu ataona mwembe na jua la saa saba. Magharibi mwa Ayalandi mtu hujikinga na mvua na upepo wa Atlantiki, akijibanza nyuma ya ukuta wa mawe. "Watu huishi kwa kukingana" ni bora zaidi: a chéile ni "wao kwa wao", na Kiswahili hulimaliza jambo hilo kwa -ana tu.

Níl aon tinteán mar do thinteán féin inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Tinteán si jiko la mkaa la uani. Ni mahali pa moto ndani ya nyumba, ulipowaka udongo wa kinamasi uliokaushwa, na jioni wenyeji na wageni wakauzunguka kwa hadithi. "Hakuna meko kama meko yako" inafaa. Wapo wanaokimbilia "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani". Zinakaribiana lakini hazilingani: ya pwani inasema utarudi tu, ya Ayalandi inasema hapo ndipo pazuri kuliko pote.

Methali hiyohiyo wameigeuza mzaha: Níl aon tóin tinn mar do thóin tinn féin, hakuna makalio yanayouma kama yako mwenyewe yanayouma. Utamu wote uko katika sauti ya tinteán na tóin tinn. Mzaha wa namna hii hautafsiriki. Weka maneno ya asili, toa maana, acha msomaji ayasome kwa sauti.

Ní neart go cur le chéile haikusumbui: "Umoja ni nguvu" inatosha.

Aithníonn ciaróg ciaróg eile, yaani mbawakawa humtambua mbawakawa mwenziwe, iachie mdudu wake. Kejeli imo humo: amemjua mjanja kwa kuwa naye ni mjanja.

Mwisho ni semi za utatu, zinazotaja vitu vitatu kwa pamoja, ambazo ni za kale sana. Kuno Meyer, mtaalamu Mjerumani wa lugha za Kiselti, alichapisha mkusanyiko wa semi hizo mwaka 1906. Mmoja wataja vitu vitatu vyembamba vinavyoishikilia dunia: mchirizi wa maziwa kutoka chuchu ya ng'ombe hadi ndooni, jani changa la nafaka shambani, uzi mkononi mwa mwanamke stadi. Taja idadi kwanza, kisha vitu vyenyewe kwa mfuatano uleule, ndani ya sentensi moja. Usiongeze maelezo katikati. Neno "vyembamba" lisikike mara moja tu, mwanzoni, na msomaji atauona wembamba wenyewe katika maziwa, jani na uzi.