Fundi Anajibu: "Faili zangu ziko kwenye wingu la nani?"

SWALI: Mwanangu Fundi hujambo. Nina stationeri hapa karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, huu mwaka wa tisa. Zamani nilikuwa na kompyuta moja ya mezani, ikisumbua naita fundi anapiga windo, anaweka Office ya CD, maisha yanaendelea. Mwaka juzi kijana wangu wa kazi akaniambia mama sisi tumebaki nyuma, akahamishia kila kitu Google, CV za watu, mitihani ya shule mbili, kadi za michango, vyote. Na kwa kweli nilifurahi, mteja anatuma kazi akiwa kwenye daladala, akishuka anakuta karatasi bado ina moto wa printa. Sasa kijana kapata kazi Dodoma kaondoka, ndo nagundua akaunti ni ya kwake, kaifungua kwa laini yake. Nikasema ngoja nikopi zote kwenye flashi kabla hajanifungia, faili mia na kitu zikaingia sekunde chache mpaka nikashukuru Mungu, kwenda kufungua kwa jirani hakuna hata moja inayosoma. Bando nalo linanimaliza. Nirudi kwenye Office yangu ya 2007 au nifanyeje?
Mama wa Stationeri, Msamvu

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza tulia, faili hazijapotea, afu usimpigie yule kijana kwa hasira maana bado unamhitaji sana.

Hebu chomeka tena ile flashi, bonyeza faili moja kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda Properties, angalia ukubwa. Nadhani utakuta KB 1. Mtihani wa kurasa nne hauwezi kuwa KB 1 mama, hata barua ya kuomba likizo inazidi hapo. Ulichokopi siyo mtihani, ni kibao kinachosema mtihani uko wapi, yaani umebeba namba ya nyumba ukadhani umebeba nyumba. Faili lililotengenezwa ndani ya Google Docs halina mwili kwenye kompyuta yako, mwili uko kwenye seva zao, yaani kompyuta kubwa za Google zilizoko mbali, na hilo ndo wingu lenyewe, wewe brauza inakuchorea tu. Kwa jirani kile kibao hakikuwa na pa kumpeleka mtu, maana yeye hajaingia kwenye akaunti ile.

Na hapo ndo penye tofauti yote ya zamani na sasa. Tangu IBM watoe PC yao mwaka 1981 tulizoea kwamba programu iko ndani ya boksi lako na faili liko ndani ya boksi lako, mwizi akibeba boksi umekwisha, lakini boksi likiwepo hakuna wa kukuuliza kitu. Mwaka 2006 Google wakaleta Docs, mwaka huohuo Amazon wakaanza kukodisha seva zao kwa yeyote mwenye kadi ya benki, 2011 Microsoft nao wakaja na Office 365 ya kulipia kama kodi ya nyumba. Sisi huku tulichelewa kuonja, kwa sababu kabla ya SEACOM, kebo ya intaneti inayopita baharini, kuwashwa Dar na Mombasa Julai 2009 intaneti yetu kubwa ilikuwa ya setilaiti, waliokaa saiba enzi hizo wanajua, unafungua email moja afu unaenda kununua karanga. Nani angeandikia mtihani kwenye mtandao wa namna ile.

Kwa hiyo swali lako mimi naligeuza mama. Usiulize Google au Office ya CD, uliza akaunti ni ya nani. Zamani funguo ya kazi zako ilikuwa ile ya kufuli la duka, leo funguo ni paswedi pamoja na laini ya simu inayopokea meseji ya kuthibitisha, na hivo viwili vyote viko Dodoma.

Fanya hivi. Fungua akaunti ya duka, kwa laini iliyosajiliwa kwa alama zako wewe za vidole, siyo za binti yako wala za kijana mpya utakayemleta. Halafu mpigie yule kijana, mtumie na hela ya bando, mwambie akushirikishe folda yote kwenye akaunti hiyo mpya. Ila usiishie hapo! Wengi wanaishia hapo. Kushirikishwa siyo kumiliki, faili linabaki la aliyelitengeneza, akilifuta limefutika na kwako, na hata asipofuta, akiitelekeza ile akaunti miaka miwili bila kuingia Google wana haki ya kuifuta na vilivyomo. Kuna njia ya kuhamisha umiliki, anakutumia ombi wewe unakubali, lakini kwa faili mia na kitu mtakesha. Mi ningemwambia aingie Google Takeout, sehemu ya Google ya kupakua vitu vyako vyote, achague Drive, vyote vinashuka kwenye zipu, yaani faili lililobanwa, na zile hati zinageuzwa kuwa faili za Word zenye mwili wake kabisa, zinafunguka hata kwenye hiyo 2007 yako. Zipu hiyo ipandishe kwenye akaunti ya duka na kopi nyingine iweke kwenye hadidiski ya nje, ukae nayo nyumbani. Ukishahakikisha zinafunguka, muombe afute za kwake. Siyo roho mbaya, ni kwamba CV zina namba za simu na za NIDA za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakubana wewe uliyezipokea. Mitihani ndo usiseme, mwalimu wa taaluma akijua mtihani wa mwezi ujao uko kwenye simu ya mtu asiyemjua huko Dodoma hatakuletea kazi tena.

Bando sasa. Maandishi hayali bando kihivyo. Linaloliwa ni picha na video zinazopanda zenyewe, na Windows inayojisasisha kimyakimya ukiwa umeiunganisha na simu. Kwenye mipangilio ya waifai kuna sehemu ya kuiambia Windows kwamba mtandao huu unapimwa, iwashe hiyo, utaona mabadiliko.

Kurudi 2007 mimi siafiki. Microsoft waliacha kuiziba matundu ya usalama Oktoba 2017, na flashi za wateja wako unazijua mwenyewe zilivyo na wadudu. Weka LibreOffice, ni ya bure kihalali, inakaa ndani ya kompyuta, haidai intaneti na inafungua faili za Word. Tumia hiyo kwa kazi za kila siku na wingu litumie kupokea kazi na kutunza kopi. Wala usiliamini sana hilo wingu, mi limeshaniliza. Nilikuwa na huduma moja, jina silitaji, laptopu ikajaa nikafuta folda la picha nikijua kopi ziko salama kule juu, kumbe huku na kule vimeunganishwa, ukifuta hapa na kule inafuta. Takataka zinakaa siku 30. Nimekuja kushtuka siku ya 34.

SWALI: Kaka Fundi, mi ni dizaina hapa Kariakoo, kadi za harusi na mabango. Ile Photoshop ya CD unanunua mara moja unasahau siku hizi inapatikana wapi? Hii ya kila mwezi lipa, kila mwezi lipa, inanitoa roho.
Dizaina wa Mtaani

JIBU: Haipo mdogo wangu. Ya mwisho kuuzwa hivo ilikuwa CS6 ya mwaka 2012, na Mei 2013 Adobe, wenye Photoshop, wakatangaza kwamba kuanzia hapo ni kulipia usajili tu. Watumiaji walipiga kelele, maelfu wakasaini malalamiko, Adobe hawakurudi nyuma, na ukifikiria kwa upande wao unaelewa, zamani mtu ananunua CD moja anakaa nayo miaka sita na mtaa mzima unakopi hiyohiyo.

Nina neno moja tu la kukuonya, soma vizuri mpango kabla hujabonyeza. Kuna unaolipwa mwezi kwa mwezi, na kuna ambao ni mkataba wa mwaka unaokatwa kidogokidogo kila mwezi, huo ukiuvunja katikati unalipa faini. Juni 2024 serikali ya Marekani iliwapeleka Adobe mahakamani ikidai faini hiyo ilikuwa imefichwa, kwa hiyo usijione mshamba, hata wenyewe wa huko walinasa. Kama harusi zako ni za misimu, lipia ule wa mwezi kwa mwezi hata kama bei iko juu, msimu ukiisha kata. Miezi mingine kuna GIMP kwa picha, kuna Inkscape kwa nembo, bure zote. Hizo za kukraki unazopewa na jamaa wa ghorofani mi sisemi kitu, ila siku zikija na kirusi kinachofunga faili zako zote usinipigie.

SWALI: Kwako Fundi. Mwaka jana nilisikia kazini wakibishana, wengine wanasema ile Mei 2024 kebo za baharini zilipokatika kuna watu walipoteza data zao zilizokuwa wingu. Ni kweli? Mimi ni karani wa shule, ripoti zote tunajazia mtandaoni.
Karani, Likoni

JIBU: Sikweli ndugu yangu. Tarehe 12 Mei 2024 zilikatika kebo mbili, EASSy na SEACOM, upande wa kusini huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na sisi tukabaki na njia chache za kutokea. Data ilikuwa salama kwenye seva ilipokuwa imekaa siku zote, tatizo ilikuwa wewe huwezi kuifikia, na kama ripoti zinatakiwa Jumatatu asubuhi hiyo kwako haina tofauti na kupotea.

Google Docs inaweza kufanya kazi bila mtandao, ila lazima uwe umewasha hiyo sehemu mapema mtandao ukiwepo, kwenye Chrome au Edge, na kwenye kompyuta ileile utakayotumia. Wengi wanaitafuta siku mtandao umeshakatika. Ukitaka kujua ofisi yenu iko wapi, kesho saa nne asubuhi zima waifai dakika kumi bila kumwambia mtu, afu jaribu kufungua ripoti ya darasa moja. Mwalimu mkuu akiuliza sema ni mimi nimekutuma.