Viraka vinne na neno moja la Kiitaliano

Nyinyi mnaoanza kuandika programu za barua pepe, nawahadithia kilichonipata mimi hapa Malindi, kwa sababu naona wengi wenu mnaelekea palepale.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya nyumba ya wageni. Barua ya kuomba chumba ikiingia, programu isome mada na tarehe, kisha iandike kwenye daftari la vyumba. Niliimaliza kwa siku 2, nikaiachia mtandaoni kama programu huria ili mwenye kazi kama hiyo aichukue, nikaenda zangu kula viazi karai.

Wageni wengi wa mji huu ni Waitaliano. Haikupita wiki, Mama mwenye nyumba akanipigia simu: "Mwanangu, njoo unisomee hiki kitu, mimi hakinielei." Palipotakiwa kuwa na neno Disponibilità, palikuwa na hii:

=?ISO-8859-1?Q?Disponibilit=E0?=

Nikatia kiraka: kila panapoonekana =E0, pawekwe à. Ikakubali. Kesho yake ikaja =E8, nikaigeuza è. Halafu =F2, ikawa ò. Mistari mitatu, na mimi najiona fundi. Kisha mgeni mmoja akaandika neno lile la kwanza kwa simu yake, likaingia hivi:

=?UTF-8?Q?Disponibilit=C3=A0?=

Cha nne hicho. Kilidumu siku 1, mpaka neno lilelile lilipokuja na sura hii:

=?UTF-8?B?RGlzcG9uaWJpbGl0w6A=?=

Hapo hapana hata pa kushika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; mimi niliziba nyufa nne, na ukuta nikaujenga vilevile.

Kumbe jawabu lilikuwa limeandikwa ndani ya mstari wenyewe. SMTP, yaani kanuni za kusafirishia barua pepe, ya mwaka 1982 ilibeba herufi za biti 7 tu, yaani alama 128, na à haimo. Kanuni za MIME, za muundo wa barua pepe, kuanzia 1992, zikaleta njia ya kuzifunga herufi nyingine ndani ya hizo 128. Baada ya alama ya swali ya kwanza unatajwa usimbaji, yaani jedwali la kugeuza herufi kuwa namba, kama ISO-8859-1 au UTF-8, kisha Q au B kueleza namna ya kufunga, kisha neno lenyewe. Mimi nilikuwa nikikodolea macho mkia wa mstari, na kichwa chake ndicho kilichokuwa kikinielekeza.

Nikaja kufanya hivi. Barua ikifika, inasimbuliwa mara moja tu, mlangoni, na maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa kwa kazi hiyo. Lugha ya Python inayo, tena ilikuwa nayo siku zote hizo. Ikishaingia ndani, kila neno ni Unikodi, orodha moja ya herufi za lugha zote, na hakuna sehemu nyingine ya programu inayojua =E0 ni mnyama gani. Ikitoka, inasimbwa tena mara moja kwenye mlango wa kutokea. Viraka vyote vinne nikavifuta.

Msinielewe vibaya, kiraka cha kwanza sikijutii. Mama alikuwa na wageni wa Ijumaa. Ninachokijutia ni kwamba sikuandika popote kuwa kile ni kiraka. Kijana mmoja akaichukua programu, akadhani huo ndio mtindo wa kazi, akaongeza za Kijerumani: =FC iwe ü, na nyingine chungu nzima. Katika programu huria, ulichokifanya kwa haraka mwenzio anakisoma kama mfano wa kufuata.

Na hata wakubwa yamewapata. Katika mtindo wa kuhifadhi barua uitwao mbox, barua zote hukaa katika faili moja, na barua mpya hutambuliwa kwa mstari unaoanza na neno From likifuatwa na nafasi. Je, mwandishi akianza mstari wake kwa neno hilo? Ikatiwa > mbele yake. Ndiyo maana mpaka leo mtakutana na >From katikati ya maneno ya mtu ambaye hakuiandika alama hiyo kamwe, na mara nyingi hakuna njia ya kujua kama ilikuwepo tangu mwanzo.

Maildir, mtindo mwingine wa kuhifadhi ulioletwa na Daniel J. Bernstein, mwandishi wa seva ya barua ya qmail, haikutafuta alama nzuri zaidi. Iliipa kila barua faili lake. Barua huandikwa kwanza ndani ya saraka ya tmp, na ikikamilika ndipo huhamia saraka ya new. Stima ikipotea katikati, na kwetu hupotea, kipande kinabaki tmp na hakuna anayekidhania barua. Kasoro inayo: alama ya kuwa barua imesomwa hukaa kwenye jina la faili baada ya nukta mbili (:), na Windows haizitaki nukta mbili katika jina la faili. Nawaambia hili msije mkaiabudu.

Mkienda kuchangia programu ya wengine, muundo mpya usiwe salamu yenu ya kwanza. Postfix, seva ya barua, ipo tangu 1998. Katika programu za umri huo kuna mistari inayoonekana ya kijinga, kumbe iko pale kwa ajili ya seva fulani mbovu, na ukiifuta kuna mtu barua yake haitafika. Tazameni kwanza historia ya mstari: uliwekwa lini, na kwa hitilafu gani. Kisha ulizeni.

Barua zilizonisumbua nimeziweka zote katika saraka moja, majina na anwani nikiwa nimeyabadilisha, maana ni barua za watu. Kila nikigusa msimbo, programu huzisoma upya kutoka ya kwanza. Ya karibuni inajitangaza kuwa ni UTF-8, lakini ndani mna =E0 iliyosimama peke yake, jambo ambalo UTF-8 hailikubali. Imesema uongo, na sijaamua niikatae au nikisie. Kwa sasa programu inaweka alama ya swali mahali pa herufi hiyo na kumwonyesha Mama barua ya asili pembeni. Juu ya mstari huo nimeandika neno "kiraka", sababu yake, na tarehe.