Ukitaka kutafiti homoni za uzazi, jifunze saa kabla ya mashine

Vijana wengi wanaoniomba ushauri huanza na vifaa. Nijifunze mashine ipi, mbinu gani ya vinasaba inatafutwa sasa, programu ipi ya takwimu? Nimefanya kazi miaka mingi pale ubongo, homoni na uzazi vinapokutana, nusu maabara na nusu kliniki, na jibu langu halijabadilika. Jifunze wakati kwanza. Homoni iliyopimwa bila kujua saa yake ni namba tupu.

Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo, haipothalamasi, inayotoa homoni iitwayo GnRH. Homoni hiyo huiamrisha tezi ya pituitari itoe LH na FSH, na hizo mbili ndizo zinazoamsha ovari kwa mwanamke na korodani kwa mwanaume. Seli zinazotengeneza GnRH katika ubongo wa mtu ni kama elfu moja hadi mbili tu. Zikinyamaza, mtoto habalehe, hedhi inakatika, manii hazitengenezwi.

Muundo wa GnRH ulijulikana mwaka 1971, na timu ya Andrew Schally ndiyo iliyoupata kwanza: asidi amino 10 zilizoshikana. Schally alitumia ubongo wa nguruwe, mshindani wake Roger Guillemin ule wa kondoo, kila mmoja akikusanya vipande kutoka machinjioni kwa mamia ya maelfu. Walipewa Nobel mwaka 1977. Watu hupenda kusimulia ushindani wao. Mimi nawaelekeza wanafunzi kwa aliyechukua nusu nyingine ya tuzo ile, Rosalyn Yalow, mwanafizikia aliyebuni pamoja na Solomon Berson njia ya kupima homoni zilizo chache mno ndani ya damu. Walikataa kuiwekea hataza, na maabara popote duniani zikaitumia. Kila kipimo cha homoni tunachoagiza leo kina deni kwao.

Sasa njoo kwenye saa. GnRH ilipopatikana, ilikuwa rahisi kudhani kwamba ukimpa mgonjwa nyingi, mfululizo, LH itapanda. Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake wa Pittsburgh walichapisha majaribio kwa nyani wa jamii ya rhesus ambao haipothalamasi yao ilikuwa imeharibiwa. Walipowapa GnRH kwa dakika chache, mara moja kila saa, pituitari iliamka na LH ikarudi. Walipoimimina bila kukoma, LH ilianguka. Wakarudisha mapigo ya kila saa, nayo ikapanda tena. Dawa ni ileile, mnyama ni yuleyule, kilichobadilika ni mpangilio wa wakati.

Tafuta makala hiyo uisome mwenyewe, picha kwa picha, usiridhike na muhtasari wa kitabu cha darasani. Kutoka hapo tulipata matibabu ya aina mbili zinazopingana. Mwanamke ambaye ubongo wake umeacha kutoa mapigo anaweza kufungwa pampu ndogo inayompa GnRH kwa vipindi, yai likapevuka. Mtoto aliyeanza kubalehe akiwa na miaka mitano, au mzee mwenye saratani ya tezi dume, hupewa dawa ya jamii hiyohiyo inayokaa mwilini muda wote, ili kuzima mfumo. Sijui somo jingine la tiba linalonifurahisha kiasi hiki hadi leo.

Katika kazi yako hii ina maana ya usingizi kidogo. LH ya mwanamke katika nusu ya kwanza ya mzunguko hutoka takriban kila saa moja hadi moja na nusu. Yai likishapevuka, mapigo hupungua, hata saa tatu au nne zikapita kati ya moja na jingine. Ukitaka kuyaona unachota damu kila dakika 10, usiku kucha, kwa kanula, yaani mrija mwembamba unaoachwa ndani ya mshipa, iliyowekwa vizuri na mtu anayeheshimu mshipa wa mwenzake. Kwa hiyo jifunze kuweka kanula. Jifunze kuandika saa kwenye kila chupa, na siku ya mzunguko, na kama mama ananyonyesha, maana kunyonyesha hukandamiza mapigo haya. Testosteroni ya mwanaume ichukuliwe asubuhi, kwa kuwa ndipo inapokuwa juu. Na kabla hujaanza, kamuulize fundi wa maabara friza inafanya nini umeme ukikatika Jumamosi usiku. Fundi huyo mtendee kama mtafiti mwenzako na jina lake liwe kwenye makala.

Usidhani lazima upande ndege ndipo uanze. Nairobi, huko Karen, kuna taasisi ya utafiti wa nyani ambayo chimbuko lake ni kazi ya Louis Leakey mwaka 1960. Nyani wetu hawa wa kawaida hupata hedhi, mzunguko wao ni wa siku kama 33, na ngozi ya makalio ya jike huvimba na kunywea kufuata homoni zake. Unaweza kukadiria yuko wapi kwenye mzunguko kwa kumtazama tu, kabla hujamgusa. Ndiyo maana nyani wametumika sana kuelewa endometriosisi, yaani tishu kama ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake, maradhi yanayowatesa dada zetu kwa maumivu huku wakiambiwa wavumilie.

Maswali mazuri, lakini, huja kutoka kliniki. Mwaka 2003 makundi mawili, moja la Ufaransa na jingine la Marekani, yalichunguza familia ambazo vijana wao hawakubalehe. Yote mawili yalikuta hitilafu kwenye kipokezi (mlango wa seli unaopokea ujumbe) cha kisipeptini, kitu kilichokuwa kinajulikana kwenye utafiti wa saratani. Kumbe ndicho kinachowasha GnRH. Walianza na kijana aliyekaa mbele ya daktari.

Kwa hiyo kaa kliniki hata kama shahada yako ni ya maabara. Akija kijana wa miaka 20 ambaye sauti haijavunjika na ndevu hazijaota, ambaye nyumbani wameshamaliza waganga, muulize kama anasikia harufu ya kahawa au ya samaki. Seli za GnRH huzaliwa puani mtoto akiwa tumboni, kisha husafiri hadi ubongoni. Safari ikikwama, kunusa na kubalehe hupotea pamoja, na huo ndio ugonjwa wa Kallmann. Unatibika. Kijana huyo hupata ndevu na sauti, na kwa sindano zinazofaa wengi hupata hata watoto. Nimeona mama akilia kliniki kwa kusikia neno “unatibika” baada ya miaka ya kunyooshewa kidole kwamba mwanawe amerogwa.

Na kwenye utafiti wa ugumba, nakusihi, msikilize mwanamke akiwa peke yake kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita hukutana na ugumba maishani, na takriban nusu ya kesi za wanandoa zina mchango wa mwanaume. Bado anayeletwa ni mke, amesindikizwa na wifi au mama mkwe anayejibu maswali kwa niaba yake. Mwambie mume aje apimwe manii wiki hiyohiyo, usingoje mke amalize vipimo vyote. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili anachokielewa yeye, si kile cha kamati ya maadili. Majibu yakitoka, mpe yeye aliyetoa damu, mkononi mwake, kabla hajaulizwa na yeyote aliyemsindikiza.