Krimu na poda kwa mwanamume: ni kujifananisha na wanawake?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Natoka Tanga, nasoma Seoul. Huku wanafunzi wenzangu wa kiume hujipaka krimu, hata poda ya kufichia chunusi, na mabango ya vipodozi yamejaa nyuso za vijana waimbaji. Nami nimeanza: krimu ya kukinga jua, poda kidogo, na karibuni ile ya kung'arisha ngozi. Ndugu mmoja tunayeswali naye msikiti wa Itaewon kaniambia nimelaaniwa, swala zangu za bure. Silali usiku.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullah. Lala, mwanangu. Swala zako hazibatiliki kwa poda.

Hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari, ya kulaaniwa wanaume wanaojifananisha na wanawake, hatubishani nayo. Kinachoniudhi ni mtu kuiokota laana ya Mtume (s.a.w.) akamrushia kila aliyenawa uso vizuri. Ibn Hajar, mwanachuoni aliyeisherehesha Bukhari, ameeleza kuwa namna ya mavazi hutofautiana kwa ada ya kila mji. Na pambo nalo hupimwa hivyo. Mtume alitia wanja. Na Ibn Abbas huyohuyo imepokelewa kwamba alipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Je, naye tumlaani?

Ndugu yako huenda akasema Wakorea wamepoteza uanaume. Uanaume upi? Miaka ya 1970, chini ya Rais Park Chung-hee wa Korea Kusini, polisi waliwakamata vijana barabarani wakawakata nywele ndefu. Kufika Kombe la Dunia la 2002, mwanasoka Ahn Jung-hwan yumo kwenye tangazo la losheni, na kijana mrembo anaitwa kkonminam, mwanamume ua. Haikupita miaka kumi, soko likataka waimbaji wenye vifua vya kuchanika mashati. Na hao BTS, kundi la waimbaji wenye midomo ya rangi, wote saba wametimiza utumishi wa lazima wa nchi yao, wa jeshi au wa badala yake, wa mwisho akimaliza Juni 2025. Anayepima dini kwa mabango atabadili fatwa kila muongo.

Ila upanga huu una makali pande mbili. "Seoul wote wanafanya" si hoja pia. Rangi ya mdomo iache, nyusi usizinyoe. Krimu ya jua na ya chunusi, hapana ubaya.

Sasa lile ulilolitaja mbiombio. Krimu ya kung'arisha! Sisi huku tunaujua mkorogo, tumewaona dada zetu walivyobabuka. Hiyo ya Korea ina kundi lake katika sheria ya vipodozi, inapimwa, huenda isikubabue. Ikiwa ni ya kuondoa madoa ya chunusi, ni dawa kama dawa nyingine. Lakini ikiwa unataka uso mzima uwe wa rangi nyingine, basi ndugu yako alikuwa anachungulia dirisha wakati mwizi kapita mlangoni. Hilo la pili silipendi hata kidogo, na wala si kwa sababu ya wanawake.

Niandikie tena. Nani alisema nini juu ya weusi wako, darasani au kwenye basi, hata ukaenda kununua chupa ile? Mama yako anajua? Usijibu kwa kuona haya, jibu kama ungekuwa barazani kwangu.

Na krimu ya jua, kama ni ile isiyopitisha maji, ioshe kwanza ndipo utawadhe.