Siku za Mwisho Lisbon, Miguu Ikiwa Imechoka

SWALI: Kwa Mshauri wa Safari, natumai u buheri wa afya. Mimi ni msomaji wenu kutoka Buruburu, na kwa miezi minne nimekuwa njiani na shanta mgongoni: Uturuki, Georgia, Ugiriki, Italia na sasa Hispania. Mji wangu wa mwisho ni Lisbon. Viza yangu ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti kwenye mipaka kati yao, ni ya siku 60, na nitakapoingia Lisbon nitakuwa nimebakiwa na siku 5, pamoja na ile ya kufika. Ndege yangu inaondoka jioni ya siku ya 5. Nitalala uwanjani Frankfurt, kisha asubuhi nipande ya Nairobi. Shida ni kwamba nimechoka. Nikiona kanisa jingine la kale napiga miayo, lakini marafiki wananiambia nisithubutu kurudi bila kufika Porto na Sintra. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, kabla ya makanisa tuanze na hesabu, maana hapo ndipo penye hatari. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa, na safari ya Lisbon hadi Frankfurt ni ya ndani ya Schengen, kwa hiyo hutakuwa umetoka mpaka upite ukaguzi wa pasipoti huko Frankfurt. Ukilala uwanjani ukaupita ukaguzi huo asubuhi, hiyo ni siku ya 61, nawe unaweza kutozwa faini au kupigwa marufuku ya kuingia, na ombi lako lijalo la viza litakuwa na doa. Sogeza safari iwe siku moja mapema, au utafute ndege ya kupitia Istanbul au Doha, ambayo itakufanya utoke Schengen palepale Lisbon.

Tuseme umeisogeza safari: sasa umebakiwa na siku 4. Porto iache, kwani ni takribani saa 3 za treni kwenda tu. Sintra iko karibu, kama dakika 40 kutoka stesheni ya Rossio, lakini kinachowavuta watu huko ni makasri juu ya vilima, nawe umeshasema unapiga miayo. Hao marafiki hawakubebei shanta.

Siku ya kwanza fua nguo, ulale. Chagua hosteli ya mtaa wa Baixa, si Alfama, hata kama picha za Alfama zinapendeza zaidi. Lisbon ni mji wa vilima, na njia zake zimetandikwa vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na nyayo hadi vikang'aa. Mvua ikinyesha, mwenye mzigo mgongoni huteleza kama aliyekanyaga ganda la ndizi. Baixa ni tambarare, na barabara zake zimenyooka kwa sababu mtaa huo ulijengwa upya kwa ramani baada ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Ukitaka kanisa moja tu, panda hadi Carmo, ambalo paa lake liliporomoka siku hiyo na halikurudishwa: utasimama kati ya nguzo, na juu yako hamna kitu ila matao na anga.

Siku inayofuata nenda Belém, nami nakusihi usiiharakishe. Hapo ukingoni mwa mto Tejo ndipo Vasco da Gama alipong'oa nanga Julai 1497, na Aprili 1498 akawa Mombasa, ambako hakupokewa vizuri, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha hadi India. Kaburi lake limo katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, karibu na mlango. Ukumbi wa monasteri hulipiwa, nayo hufungwa Jumatatu. Ukisimama hapo ukiwa mtu uliyepelekwa Fort Jesus na shule ukiwa darasa la 6, kaburi hilo halitakuwa jiwe jingine la kale tu.

Tembea pia ukisoma vibao. Mesa, bandeira na vinho utavitambua bila kamusi kuwa ni meza, bendera na mvinyo. Lenço ndiyo leso aliyojifunga mama yako. Kila penye kanisa utaona neno igreja, ambalo wataalamu wa lugha hulitaja kuwa asili ya gereza letu. Mimi lilinisimamisha njiani na mfuko wa keki mkononi. Keki zenyewe, zile ndogo za mayai zenye madoa meusi juu, duka moja la Belém huzioka tangu 1837. Uzile zikiwa moto, na uzimwagie mdalasini.

Siku mbili zilizosalia usizipangie ratiba. Nunua kadi ya Navegante katika stesheni ya metro, uiongeze fedha, uitumie kwenye metro, tramu na feri. Tramu namba 28 ni nzuri lakini wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii. Beba begi kifuani kama unavyofanya ukipita River Road. Jioni vuka kwa feri kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas. Ni kama dakika 10 tu, kama Likoni, ila huku utapata kiti.