Mtoto akisema nyusi zinamuuma, muulize zinauma saa ngapi

Binti yangu alikuwa na miaka 8 alipoanza kujisugua nyusi kila jioni. "Mama, hapa panauma," kidole juu ya jicho. Alikuwa ametoka kwenye mafua, basi nikajifanya daktari: hiyo ni sainasi, yaani uvimbe kwenye vitundu vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso. Nikamsafisha pua kwa maji ya chumvi, nikamfukiza (siku hizi sithubutu, maji ya moto karibu na mtoto ni ajali inayosubiri), wiki tatu zikaisha bila nafuu.

Kumbe siku za mapumziko hakulalamika hata mara moja. Nilikuja kuligundua hilo nilipoanza kuandika saa za maumivu kwenye karatasi: kila mara ilikuwa baada ya kusoma.

Daktari wa macho akasema anahitaji miwani ya kusomea. Nilibisha, maana ubaoni anasoma mpaka mstari wa mwisho! Akanielewesha kwamba mtoto wa aina hii huona mbali vizuri, na hata karibu huona, ila kwa kuyakaza macho. Misuli ya ndani ya jicho ikichoka, maumivu hutokea kwenye nyusi na paji la uso. Ndiyo maana alimtia kwanza matone ya kuilegeza misuli hiyo, kasoro isijifiche wakati wa kupima.

Sainasi nayo ipo, ila ina dalili zake: mafua yaliyopita siku 10 bila kupungua, au yaliyopungua kisha yakarudi na homa. Na vile vitundu vya hewa vilivyo juu ya nyusi huanza kujitokeza kwenye miaka 6 au 7 hivi, kwa hiyo mtoto wa miaka 3 usimsingizie hivyo.

Kipandauso kwa watoto huwachanganya wazazi wengi kwa sababu mara nyingi hushika paji zima, si upande mmoja kama kwa watu wazima. Mtoto hukimbia mwanga, pengine hutapika, akilala anaamka mzima. Kabla ya kufikiria makubwa, angalia pia miwani ya kuogelea inayobana, nywele zilizosukwa kwa kuvutwa sana, chokea kwenye kope, usingizi mchache au mlo ulioruka.

Usikae nyumbani na karatasi yako ikiwa kope limevimba na kuwa jekundu, hasa akiwa na homa, jicho limetokeza au linauma akilizungusha. Hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa maumivu yanayomwamsha usiku, kutapika kila asubuhi, shingo kukakamaa, kuona vitu viwiliviwili au kuyumba akitembea.

Ya kutuliza ni parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini usimpe aliye chini ya miaka 16 bila agizo la daktari. Inaweza kudhuru ini na ubongo.